Mtoto Abebe Begi Lake

Nakumbuka asubuhi moja ya baridi hapa Doha, mwanangu, nimepiga magoti sebuleni kwetu mtaa wa Muaither, napanga mabegi ya mgongoni ya watoto wangu kwa safari yao ya kwanza ya kutembea kwa miguu na kulala jangwani. Nilikuwa nayapanga kwa mapenzi, sikatai. Lakini ukinikamua vizuri siku ile, wivu ungetoka mwingi kuliko mapenzi.

Nakusimulia kwa sababu baridi imeingia, na nyinyi vijana mliojaliwa kuwaleta watoto huku mmeanza kuulizana hema gani, viatu gani, maji kiasi gani. Hayo utaambiwa na yeyote, hata na muuza duka. Mimi nataka kukuambia la kwangu, na nitalisema polepole maana bado linaniuma kidogo.

Nilikuja mji huu kuwa yaya. Binti yangu Salha nilimwacha Tanga akiwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea. Nikarudi likizo nikajifungua Idi, naye nikamwacha hajaota jino. Wote wawili niliwaacha kwa mdogo wangu wa kike, Hawa, ambaye hakuwa amejaliwa mtoto. Baba yao alikuwa huku huku, mlinzi wa hoteli, na kazi yake ya wakati ule haikumruhusu kuleta familia. Basi Hawa ndiye aliyewaogesha, akawachapa, akawapeleka chanjo, akakesha nao walipoumwa surua. Mimi nilituma nguo, pipi na sauti yangu kwenye simu. Wao walimwita Hawa "mama". Mimi wakaniita "Mama Doha", utadhani Doha ni jina nililopewa siku ya saba.

Miaka ikaenda. Mume wangu akapandishwa cheo akawa msimamizi wa walinzi, akapata kibali cha familia, mimi nikaacha uyaya nikapata kazi ya kufua hotelini. Tukawaleta watoto, na Hawa akaja nao kwa viza ya kutembelea ili wazoee, kisha arudi nyumbani. Siku zake za kuondoka zilipokaribia, Salha akatangaza kwamba ataondoka na mama yake. Alisema hivyo akiwa anakula wali, bila kilio wala hasira, kama mtu anayesema kesho kuna shule. Usiku ule mume wangu akaniambia, "Mama Salha, tusimlazimishe mtoto. Tukiona hawakai, warudi na Hawa, tutajaribu tena wakikua."

Wakikua. Nilijua wakirudi safari ile, nimewapoteza.

Sasa nikwambie wivu ulivyokuwa. Idi akianguka alinipita mimi niliyekuwa karibu, akakimbia jikoni kwenda kulia kwenye mapaja ya Hawa. Salha akisukwa alitaka mkono wa Hawa tu, maana mkono wangu, alisema, unavuta. Nilimwonea wivu mdogo wangu mpaka namna alivyokohoa, kwa kuwa watoto walikuwa wakijua kikohozi chake na changu hawakijui. Nilikuwa nikimtazama akiwachambulia samaki miiba, roho inaniuma, na papo hapo najua kwamba bila yeye nisingekuwa na watoto wa kuwatazama. Hilo la pili halikupunguza la kwanza hata kidogo. Ukiona mtu anakuambia shukrani huondoa wivu, mwangalie vizuri, labda hajawahi kuwa navyo vyote viwili kwa mtu mmoja.

Ndipo nikapata wazo la jangwa. Tanga ilikuwa ya Hawa. Shule, baharini, kwa mganga wa meno, kote huko watoto walipita wakiwa wameshika mkono wake. Lakini jangwa lilikuwa langu. Nilikuwa nimekwenda huko kila baridi na watoto wa mwajiri wangu, najua wapi pana kivuli, najua upepo wa jioni unavyouma, najua kuwasha moto kwa kuni mbichi. Hawa alikuwa hajui hata mchanga wa huku una mawe. Nikasema watoto wakiniona kule, watanijua mimi ni nani. Nikataka Hawa abaki nyumbani apumzike, nikamwambia hivyo kwa sauti tamu kabisa. Salha akasema bila mama haendi. Basi Hawa akaja.

Tukafika kwenye mabegi. Nilikuwa nimewanunulia mabegi mazuri yenye picha za wanyama, na ndani yake nikaweka taulo dogo na pakiti ya tishu tu. Vitu vyote vingine, maji, mayai ya kuchemsha, chapati, blanketi zao, nguo za kubadili, nilivisomba kwenye begi langu mpaka likafura. Nilipotoka kwenda kuchukua sufuria, Hawa akafungua mabegi ya watoto, akatia kila mtu chupa yake ya maji na blanketi lake, na Idi akampa kazi ya kubeba mayai. Nikarudi nikavitoa. Nikaenda kuvaa viatu, nikarudi, vimo tena. Mimi mkubwa, yeye mdogo, mwisho nikavitoa mbele ya macho yake nikafunga zipu kwa nguvu. Yeye akasema tu, "Haya, dada."

Mume wangu alituendesha kupita Umm Salal mpaka barabara ilipoishia kwenye mashamba, akaegesha gari. Kutoka hapo tulikuwa tutembee hadi kwenye bonde moja la miti ya mikunazi nililolijua tangu enzi za uyaya wangu. Si mbali kwa mtu mzima. Kwa mtoto wa darasa la kwanza na mdogo wake asiyeanza shule ni safari hasa. Baba mtu alibeba mahema akatangulia, Hawa akafuata na watoto, na mimi nikakaa nyuma.

Kwa nini nyuma? Sikujiuliza. Miaka yote jangwani nilitembea nyuma ya watoto, maana ndipo yaya anapokaa, aone nani kajikwaa, nani kadondosha kofia. Idi alipolalamika mara ya kwanza nikamvua begi nikalining'iniza mkononi. Salha alipoona hivyo naye akanipa lake. Nikawa nimejaa mabegi mwili mzima, jasho linanitoka na baridi ile, namfuata mtoto na chupa ya maji, "kunywa habibti, kunywa kidogo", nampangusa pua, nampa ndizi kabla hajasema ana njaa. Na wao wakiokota jiwe zuri lenye rangi, walikimbia mbele kumwonyesha Hawa. Ganda la ndizi walirudi nyuma kunipa mimi.

Nililiona lile, mwanangu. Mawe kwa Hawa, maganda kwangu. Nikazidi kuhudumia, nikidhani labda huduma bado haijatosha.

Tulipofika bondeni, watoto wakafurahi na zile kunazi, wakaziokota chini wakala. Nikaanza kutandika, kufungua, kupanga, huku nimewakataza wasiguse kitu wasijeumia. Hawa akasogea pembeni, akawaambia, "Tafuteni mawe ya mafiga. Matatu, yawe sawa. Idi, hilo kubwa ni lako." Nikaona wanangu wakihangaika na yale mawe kama vibarua, wametoa ndimi nje, wanabishana lipi limezidi. Mimi nilikuwa nimeinama napuliza moto, moshi umenifunika, nadhani walidhani sisikii. Salha akamuuliza Hawa, "Mama, huyu Mama Doha ndiye dada wetu wa kazi?"

Hawa akamwambia, "Salha, huyo ndiye aliyekuzaa. Unajua."

"Najua. Lakini kazi yake siyo kutufanyia? Mbona anabeba kila kitu, na hagombezi? Dada wa kazi wa kina Mwajuma kule Tanga naye alikuwa hagombezi."

Mtoto hakusema kwa dharau. Angesema kwa dharau ningemgeuzia makosa yote yeye na nafsi ingepoa. Aliuliza tu, kama anavyouliza mtoto mwenye akili aliyetazama mambo akayajumlisha. Nikaendelea kupuliza moto ulioshika zamani.

Na unajua nilichokumbuka pale, nimeinama hivyo hivyo? Nilimkumbuka madamu wangu, yule mwajiri wa enzi za uyaya. Siku moja, kambini, mtoto wake mdogo alishtuka usingizini akaniita mimi, akaukataa mkono wa mama yake. Madamu alimchukua kwa nguvu mapajani mwangu, na tangu siku ile akaagiza chakula changu kiwe ndani ya hema la wapishi. Mimi nilicheka kimoyomoyo. Nilijiona nimeshinda, mwanamke tajiri kama yule ananionea wivu mimi. Sasa nilikuwa kwenye kiti chake, wivu ule ule, na pamoja na hayo bado nilikuwa yaya. Sikujua nimchukie nani.

Baada ya kula, watoto wako na baba yao wanafunga kamba za hema, Hawa akanifuata nilipokuwa nasugua sufuria kwa mchanga. Nikamwambia bila kumtazama, "Umewafundisha kunidharau."

Alikaa chini kabisa, kama alivyokuwa akikaa tukiwa wadogo mama akinituma nimgombeze. "Dada, mimi niliwafundisha kusema shikamoo mama kila simu ilipolia. Wengine waliwaambia mama yenu kawakimbia, mimi nikagombana nao hadharani. Usinivunjie heshima kwa hilo."

Nikaendelea kusugua sufuria.

"Niwie radhi, nakuheshimu, lakini nitasema," akaendelea. "Tangu tufike unawalea kama watoto wa bosi. Unawaomba. Unawafuata na chupa. Huwakatazi kitu mpaka uniangalie mimi kwanza. Mtoto hamjui mama yake kwa kumbebea, anamjua kwa kumtuma. Mimi nikiondoka, watabaki na nani hapa? Na mfanyakazi?"

"Wewe si ndiyo unataka hivyo," nikasema. "Warudi na wewe."

Hapo akanitazama, na macho yake yakawa yamejaa. "Nataka. Kila siku nataka. Unadhani wewe peke yako una wivu? Wewe utabaki nao, utawaona wakibadilisha meno. Mimi nitapanda ndege mikono mitupu, nirudi kwenye nyumba yenye vikombe vyao. Nakuonea wivu mpaka nakosa usingizi, dada. Lakini niliwalea kwa ajili yako, na sikuwalea ili uwashindwe."

Tukakaa hapo, wanawake wawili na sufuria moja, kila mmoja anamwonea mwenzake wivu, na kwa mara ya kwanza tangu aje nikampenda mdogo wangu kama zamani. Hatukukumbatiana. Aliichukua ile sufuria akamalizia kuisugua, maana alisema siisugui vizuri.

Asubuhi kabla ya kuondoka nilipanga mabegi upya. Kila mtoto maji yake, blanketi lake, viatu vyake vya kubadili, na Idi akapewa vijiko. Salha akalijaribu begi lake, akaliweka chini akanisukumia kwa mguu. "Zito. Beba wewe."

"Sibebi," nikasema. Sauti ilinitoka kavu. "Kila mtu na begi lake."

Alinitazama kama vile nimebadilika sura. Akalikokota lile begi mpaka kwa Hawa. Hawa akapeleka mikono yake nyuma, akasema, "Na mimi nina langu," akageuka akaondoka haraka haraka kuelekea mashambani. Najua kwa nini aliharakisha. Mabega yake yalikuwa yakimtikisika, na hakutaka mtoto auone uso wake. Mume wangu alitaka kurudi amchukue Salha, nikampungia mkono aende zake na Idi.

Salha akakaa chini kwenye mawe. Nami nikakaa, mbali kidogo naye. Akalia kilio cha kutaka kusikika hadi Tanga. Kila kiungo changu kilinituma niende nimbebe yeye na begi lake na dunia nzima, nimpe ndizi. Sikwenda. Niseme kweli, hilo ndilo jambo gumu kuliko yote niliyowahi kulifanya jangwani, na nimewahi kukaa huko katikati ya dhoruba ya mchanga na watoto wa watu.

Alipochoka akasema, "Wewe mkali."

"Ndiyo."

"Mama siyo mkali."

"Mama Hawa ni mkali kunishinda, we umemzoea tu."

Akafikiri. Aliona kwamba ni kweli, maana mdomo ulimcheza. Akasimama, akavaa begi upande mmoja, likamshinda upande wa pili, akanigeuzia mgongo. Nikamvalisha, nikakaza mikanda. Tukaondoka, yeye mbele, mimi ubavuni pake, si nyuma. Alinung'unika njia nzima, jua, mawe, mikanda, mimi. Nilimgombeza mara mbili alipotupa chupa ili begi liwe jepesi, na mara zote mbili aliokota.

Tulipofika kwenye gari, Hawa alikuwa amekwisha nawa uso. Salha akawapita wote, akaenda moja kwa moja kwa baba yake, akaweka mikono kiunoni akanishitaki. "Baba, mama kakataa kunibebea begi langu. Nimebeba mwenyewe mpaka hapa."

Mama. Tupu, bila Doha. Nimewahi kuitwa kwa upole na watu wengi, lakini hakuna jina lililoniingia kama lile nililoitwa nikishitakiwa. Nikamtazama Hawa. Naye alikuwa amesikia. Akainama akajifanya anafunga kamba ya kiatu, na viatu vyake siku ile havikuwa na kamba.

Hawa aliondoka siku zake zilipofika, watoto wakabaki. Uwanja wa ndege Salha alilia mpaka watu wakasimama kututazama, na hata pale, mwanangu, niliyaonea wivu machozi yale. Sikujificha tena. Nilimwambia Hawa sikioni, "Nakuonea wivu," akanijibu, "Na mimi," tukacheka tukilia. Watoto waliendelea kuwa na mama wawili. Salha sasa ni mtu mzima, ana nyumba yake, na alipopata ujauzito wa kwanza Hawa alijua kabla yangu. Nilinuna wiki nzima. Kisha nikampigia mdogo wangu tukapanga majina, nikiwa bado nimenuna.

Basi nasaha yangu ni hii. Unapowatoa wanao safari yao ya kwanza ya mabegi, usibebe kila kitu ili wakupende. Mpe kila mmoja mzigo wa kweli, mdogo kulingana na mwili wake, ulio na kitu ambacho wote mtakihitaji mkifika, na asipoubeba, kaa chini umsubiri. Tembea ubavuni pake. Mkatalie panapostahili kukataliwa, hata kama aliyekulelea yuko hapo na wewe unaogopa kulinganishwa. Hasa kama yuko hapo. Wengi wenu mmekuja huku kulea watoto wa watu, na kazi ile hutufunza kutumikia watoto. Ni kazi halali, imetulisha. Ukifika kwa wa kwako, ivue mlangoni.

Na yule aliyekukuzia watoto, bibi yao, dada yako, jirani yako, usimwache nyumbani siku ya safari kwa sababu ya wivu. Mchukue. Ukiona wivu umekukaba, mwambie yeye mwenyewe kwa mdomo wako, usiupeleke kwenye mabegi. Huenda ukakuta anao mkubwa kuliko wako, na hana tena cha kuubembelezea.

Mungu akujaalie, mwanangu, watoto wenye miguu ya kufika waendako. Akawape mioyo yenye nafasi ya kukaa zaidi ya mama mmoja. Na siku watakapomkimbilia mwenzako kwanza, huku wewe umesimama hapo hapo mikono imekunjuka, akupe nguvu ya kuendelea kuikunjua.